AFYA YA FAMILIA: Goti likigeuka, unyayo unafuata

Mwezi huu tuzungumzie kazi ambayo kila mmoja wetu anaifanya tangu asubuhi: kutembea.

Habari hii ilianza na mama mmoja jirani yangu. Binti yake ana miaka 4 na nyayo zake ni bapa, hazina uvungu. Bibi wa mtoto alishaamua: unga wa mgao uuzwe, zinunuliwe buti ngumu sokoni za kunyoosha miguu. Mama akaja kuniuliza, "Kaka, niuze kweli? Na unga wenyewe ndio huo huo." Sikumjibu palepale. Nilimwambia kwanza avue ndala.

Na wewe msomaji, vua. Simama pekupeku. Geuza goti moja lielekee ndani, upande wa goti la pili, bila kuinua unyayo. Tazama chini: uvungu unashuka, unyayo unalala. Sasa geuza goti nje: uvungu unapanda. Umeona? Muundi na unyayo haviendi kila kimoja kivyake. Chini ya kifundo cha mguu, juu ya mfupa wa kisigino, kuna kiungo kilichokaa mshazari. Kwa ajili ya mshazari huo, muundi ukizunguka kisigino kinalala, na kisigino kikilala muundi unazunguka.

Hivyo ndivyo inavyokuwa katika kila hatua. Kisigino kinagusa ardhi, zaidi kwa upande wa nje. Halafu unyayo unalala kidogo kwa ndani, muundi unageuka ndani, goti linakunja kidogo. Hapo mguu umelegea, unapokea uzito na kujipatanisha na mawe na mashimo ya njia zetu. Mwili ukishapita mbele, mambo yanageuka: muundi unazunguka nje, kisigino kinanyanyuka, uvungu unapanda, na ile mifupa 26 ya mguu wa chini inakazana kama mpini wa jembe. Ndipo kigimbi kinakusukuma mbele kupitia dole gumba. Mguu ule ule, mara godoro, mara mpini! Ukiwa hewani, msuli wa mbele ya muundi unainua vidole usijikwae, na kisigino kikigusa chini msuli huo huo unashusha unyayo taratibu.

Basi tukamwita mtoto. Nikamwambia asimame juu ya vidole kama anayechungulia dirishani. Kumbe uvungu ukatokea, na visigino vikageukia ndani. Maana yake kiungo kinacheza na misuli inavuta. Watoto karibu wote wanazaliwa na nyayo bapa, na uvungu unajengeka polepole mpaka karibu miaka 10. Buti haziujengi. Huko India utafiti uliotolewa mwaka 1992 ulitazama watoto 2,300: wenye nyayo bapa walikuwa asilimia 8.6 kati ya waliozoea viatu, na asilimia 2.8 tu kati ya wasiovaa. Sisemi watoto wetu watembee pekupeku, funza na miiba tunavijua. Nasema unga usiuzwe. Bibi hakufurahi, na mpaka leo ananisalimia kwa mkato.

Lakini wapo wa kupelekwa zahanati. Mtoto ambaye uvungu hautokei hata akiwa juu ya vidole, au anaumwa, au anachechemea. Mtoto mchanga aliyezaliwa na unyayo uliopinda kuingia ndani, huyo msimngojee akue: anatibiwa kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, na inafaa kuanza katika wiki za kwanza. Pia mtu yeyote ambaye unyayo wake unaanguka chini "pa! pa!" au vidole vinaburuta. Huenda mshipa wa fahamu wa mguu umeumia. Inawapata wanaochuchumaa saa nyingi wakivuna au kupalilia, maana mshipa unabanwa pembeni ya goti, na inaweza kumpata mtoto aliyechomwa sindano ya takoni vibaya.

Yule mama alipoinuka kwenda, nikaona ndala yake ya kulia imelika upande wa ndani. Nikamuuliza, akasema goti la kulia analichua kwa dawa tangu msimu wa mvua. Siwezi kuapa kwamba unyayo ndio sababu. Ila unyayo ukilala mno na kuchelewa kuinuka, muundi unabaki umegeukia ndani na goti linavutwa. Mtwike mtu huyo dumu la lita 20, tena kwenye mteremko. Nilimwonyesha zoezi moja: ashike nguzo, apande juu ya vidole, ashuke taratibu, mara 10 asubuhi na mara 10 jioni. Na ndala iliyolika aibadilishe akipata. Goti likivimba, zahanati.

Juzi nilimkuta kwenye foleni ya maji. Ameshika nguzo ya uzio wa bomba, yuko juu ya vidole, anashuka, anapanda. Binti yake pembeni anamwiga, na kumshinda.