MAONI YETU: MBWA WASIO NA KWAO



Wiki ya tatu sasa mbwa jike mmoja mwekundu amezalia nyuma ya ghala la ushirika, penye magunia mabovu. Watoto wake ni sita, macho yamekwisha kufumbuka. Kila aletaye korosho kwenye mizani anawaona. Mmoja anawatupia makombo, mwingine anawatupia mawe. Na kwenye mkutano wa kitongoji juzi imetolewa hoja kwamba itafutwe sumu, itiwe kwenye nyama, mambo yaishe. Sisi wa gazeti hili la ukutani tunasema hoja hiyo ni mbovu, na sababu tunazitoa.

Kwanza tuambiane kweli. Mbwa hawa hawakushuka na mvua. Mbwa jike hubeba mimba miezi miwili tu, tena aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mwenye mji akiona watoto wamezidi, anawatia guniani usiku na kwenda kuwamwaga sokoni au ghalani. Kukicha naye yumo kulalamika kuwa mbwa wamekuwa wengi! Huo ni uzembe wa watu, mbwa hana kosa.

Pili, sumu haichagui. Mtoto ataokota, kuku atadonoa, na mbwa wa jirani anayefukuza ngedere na nguruwe shambani naye atakufa. Tena ukiwaua hawa, jalala linabaki pale pale, na wengine watakuja kutoka vijiji vya jirani. Hao wageni nani ajuaye kama wamechanjwa?

Tatu ni kichaa cha mbwa, na hapa jamani hakuna mzaha. Karibu watu wote wanaoupata ugonjwa huu duniani huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishamtokea mtu, hakuna tiba, ni kifo. Lakini wakichanjwa mbwa 7 katika kila 10, na chanjo ikarudiwa kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Tuwatazame wenzetu wa Pemba. Walichanja kisiwa kizima, na mwaka 2014 ugonjwa ukakoma. Chanjo ikalegea, mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena. Wakachanja upya, na mwaka 2018 wakaukomesha.

Sasa hebu tufikiri. Siku bwana mifugo akija na sindano zake, mbwa wa ghalani atashikwa na nani? Mbwa mwenye kwake anaitwa jina, anakuja, anashikwa, anachanjwa. Asiye na kwake anakimbilia porini. Kwa hiyo kumpa mbwa nyumba ni kumlinda mbwa, na ni kuwalinda watoto wetu waendao shule alfajiri.

Wapo watakaosema: watu wenyewe hatujashiba, mbwa wa nini? Tunajibu kwamba sindano ya mbwa mmoja ni nafuu kuliko sindano za mtu mmoja aliyeumwa. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Tunapendekeza hivi:

1. Karani wa ushirika amefungua daftari. Anayetaka mtoto wa mbwa aandike jina. Hawatatolewa kabla ya kutimiza wiki 8, maana bado wananyonya.

2. Anayechukua awe na kibanda cha kumkinga na mvua, maji na chakula kila siku, na ampeleke kwenye chanjo. Si kumchukua leo, kesho kamfunga mtini anakufa njaa.

3. Mama yao abaki ghalani, amsaidie mlinzi. Bwana mifugo aulizwe habari ya kumfunga kizazi.

4. Mabalozi wapite nyumba kwa nyumba waandike mbwa na paka wote. Wenzetu wa darasa la kisomo cha jioni wafuatane nao wakaandike. Tumejifunza kuandika ili tuandike mambo yetu.

5. Ambaye dini yake haimruhusu kukaa na mbwa nyumbani, halazimishwi. Wapo pia paka wanaozurura sokoni, na kila mwenye ghala la mahindi anawajua panya wake.

6. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende zahanati siku ile ile. Asingoje kidonda kupona, wala asianzie kwa mganga.

Mkono mmoja haulei mwana. Watoto sita wa mbwa si mzigo kwa kijiji kizima, ila ni mzigo wakiachiwa ghala peke yake.

Hoja ya sumu itarudi mkutanoni Jumamosi saa kumi, chini ya mwembe wa ofisi. Njooni tuipinge kwa majina yaliyokwisha kuandikwa. Daftari liko mezani kwa karani. Kalamu imefungwa kwa uzi, tafadhali isiondoke.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya kamati ya gazeti la ukutani