Barua Isiyoitwa Nayo ni Amana

Shule zinapokaribia kufunguliwa, wahitimu wa ualimu huonekana mjini Runyenjes, kandokando ya barabara kuu itokayo Embu kuelekea Meru, bahasha za kaki mikononi, wakibisha hodi shule baada ya shule. Hakuna nafasi iliyotangazwa. Hutumaini tu kwamba bodi ya usimamizi, ambayo huajiri walimu wa muda pale wale wa Tume ya Huduma kwa Walimu wanapopungua, itawakumbuka. Wengi wetu tusomao Kiswahili tutaipita njia iyo hiyo.

Swali langu ni hili: bahasha ile ikishapokelewa, huenda wapi? Ndani yake mna nakala ya kitambulisho, vyeti vya mitihani, nambari ya simu na majina ya wadhamini. Aghalabu hutiwa katika droo, ikasahaulika humo miaka nenda miaka rudi.

Wapo wanaodai kuwa mwajiri hana wajibu wowote kwa barua asiyoiomba. Hoja hiyo haina mashiko. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 humkinga kila mtu dhidi ya kufichuliwa habari zake za faragha pasipo sababu. Fauka ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hukataza kuhifadhi habari za mtu kupita muda unaohitajika kwa lengo lililokusudiwa, na hugusa hata karatasi zilizopangwa katika faili. Sheria hiyo haikutaja mwezi wala mwaka. Ni juu ya mwajiri kuweka kipimo.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, mwombaji ajibiwe kwa maandishi na kuelezwa barua yake itahifadhiwa hadi lini. Mwaka mmoja wa masomo watosha. Pili, barua iwekwe katika kabati lenye kufuli na, nafasi itokeapo, isomwe kabla ya jamaa za wakubwa kupigiwa simu. Tatu, muda ukiisha, nakala zirudishwe au zichomwe, zisije zikaishia kufungia njugu sokoni.

Wala tusisingizie gharama: daftari moja na kufuli moja vyatosha. Kwetu hodi hujibiwa hata pasipokuwa na kiti cha kumkalisha mgeni. Aliyetukabidhi jina lake na vyeti vyake ametuwekea amana, na amana haitupwi drooni.