Mkubwa Akianguka, Mshabiki Anene Nini?

Jumatano ya tarehe 4 Juni, 2025, siku mbili kabla ya Idi ya Kuchinja, nalikuwa Eldoret kwa mpwa wangu aliyenialika kula naye sikukuu. Mtu wa pwani akienda mji ule hana budi kuchukua koti. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na baridi yake ya mwezi wa Juni haimjui mgeni wala mwenyeji. Baada ya swala ya Alasiri tukaingia mkahawani, kando ya Barabara ya Uganda, kutafuta chai ya tangawizi.

Nilidhani nitakuta televisheni ikionyesha mbio, kwani huu ndio mji wa wakimbiaji. La! Vijana kama kumi walikuwa wamekaza macho kutazama tenisi kutoka Paris, yale mashindano ya Roland Garros yachezwayo juu ya udongo mwekundu. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema, kumbe vijana wetu wamekuwa wapenzi wa kila mchezo.

Uwanjani walikuwa wasichana wawili. Mmoja ni Mirra Andreeva, Mrusi wa miaka 18, aliyekuwa wa sita kwa ubora duniani. Wa pili ni Loïs Boisson, Mfaransa wa miaka 22, aliyekuwa wa 361, na ambaye asingeingia humo lau waandalizi hawakumpa mwaliko. Siku mbili kabla, Boisson huyo alikuwa amemtoa Jessica Pegula wa Marekani, wa tatu duniani. Na sasa akamshinda Andreeva kwa 7-6, 6-3, akawa mwanamke wa kwanza kufika nusu fainali ya Roland Garros kwa mwaliko.

Pale mkahawani vijana wawili walipiga makofi. Waliosalia walishika vichwa. Mmoja wao, kijana mwenye uso mzuri na simu mkononi, akatoa ukelele: "Mkeka umechanika!" Kisha akamtukana yule msichana wa Kirusi tusi ambalo gazeti hili haliwezi kulibeba.

Nikamgeukia mpwa wangu. Mkeka gani uliochanika? Akacheka, akanieleza kwamba siku hizi mkeka ni orodha ya michezo mtu aliyoipangia kamari kwa simu. Timu hii ishinde, mchezaji yule ashinde, na mmoja tu akishindwa orodha yote imekufa. Msomaji wa pwani atanielewa nikisema neno lile lilinichoma. Kwetu mkeka ni ukindu. Juu yake tunaswali, juu yake tunakaa kwa maulidi na harusi, na juu yake huketi waliokuja kuhani msiba. Leo kijana anauchana mkekawe Eldoret kwa sababu mtoto wa watu kakosa mpira Paris.

Basi jambo lililonishughulisha tangu siku ile si nani alishinda. Ni hili: mkubwa akianguka mchezoni, sisi tunaotazama tunapaswa kunena nini?

Kwanza tuuelewe udongo wenyewe. Udongo wa Roland Garros si udongo mtupu. Ni unga wa matofali yaliyosagwa, unene wake haupiti milimita mbili, umetandazwa juu ya tabaka la mawe ya chokaa. Mpira ukigonga hapo hupungua kasi na huruka juu. Yule mwenye mkono mzito, aliyezoea kumaliza kazi kwa pigo moja kwenye nyasi au saruji, hapa hurudishiwa mpira wake mara ya pili, ya tatu na ya kumi. Udongo haumpendi mwenye haraka. Kwa hivyo mkubwa haangushwi hapo kwa dharuba moja. Huliwa kidogo kidogo, kama ukuta wa udongo unavyoliwa na mvua, na kila mwenye macho huona.

Na yule anayemla huwa hakuzuka jana. Boisson alipewa mwaliko kama huo mwaka 2024, na wiki moja tu kabla ya mashindano goti lake likakatika kano. Akakaa nje miezi mingi, wenzake wakipanda ngazi yeye akijifunza tena kukimbia. Aliyemtazama Jumatano ile akasema ni bahati, hakumtazama goti.

Sasa tuwatazame watazamaji. Mashabiki wa Paris siku ile walikuwa wengi upande wa binti yao, na hilo si dhambi. Kila mtu na kwao. Lakini walimzomea Andreeva hata akapoteza utulivu, akaupiga mpira kwa hasira ukaenda kwa watazamaji, mwamuzi akamwonya. Watu wazima maelfu wamemzonga mtoto wa miaka 18!

Wala si mara ya kwanza kwa uwanja ule. Tarehe 31 Mei, 2009, Rafael Nadal wa Uhispania, aliyekuwa amecheza hapo mara 31 bila ya kufungwa hata mara moja, alishindwa na Robin Söderling wa Uswidi. Siku hiyo watu wengi walimshangilia Söderling, si kwa kuwa ni ndugu yao, bali kwa kuwa walichoka kumwona Nadal akishinda. Nadal akaondoka, na mwaka uliofuata akarudi akatwaa kombe. Alipostaafu mwaka 2024 alikuwa na makombe 14 ya Paris, na katika maisha yake yote amefungwa hapo mara nne tu.

Mashabiki wa namna hiyo, nakiri, wamo hata katika ngoma zetu na mashindano yetu ya mashairi. Mshairi akishinda miaka mitatu, wa nne watu hutamani alegee vina. Ni wivu, lakini ni wivu wa mtu anayeujua mchezo. Alaa kulli hali amekuja kutazama.

Lakini pale mkahawani niliona namna ya pili, nayo ndiyo inayonitisha. Huyu hampendi Andreeva wala hamchukii. Amemnunua. Akishinda ni mali yake, akishindwa ni mwizi wake. Na ghadhabu ya mwenye kuibiwa haina mpaka. Mwezi huo huo wa Juni, 2025, shirikisho la tenisi duniani pamoja na chama cha wachezaji wa kike walitoa hesabu ya mwaka 2024: ujumbe wa matusi na vitisho kama 8,000 walitumiwa wachezaji 458 katika mitandao, na asilimia 40 ya hayo yalitoka kwa wacheza kamari waliokasirika. Mwingereza Katie Boulter alieleza kwamba alipokuwa akicheza Roland Garros mwaka huo alitakiwa maradhi ya saratani, na jamaa zake wakatajiwa jeneza. Na mchezo huo alishinda! Kosa lake lilikuwa kupoteza seti moja.

Hapa kwetu Kenya serikali imeliona tatizo. Mwishoni mwa Aprili, 2025, bodi inayosimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Hatua njema, lakini simu haikungoja tangazo. Imo mfukoni mwa kijana, nayo hailali.

Eldoret ungekuwa mji wa kwanza kulijua hili, kwani umepata kuonja. Tarehe 12 Oktoba, 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni Vienna kwa saa 1:59:40, watu wa mji huu walijaa barabarani mbele ya televisheni kubwa, wakalia kwa furaha. Mwaka mmoja baadaye akawa wa nane London. Mwaka 2023 akawa wa sita Boston. Mwaka 2024, katika Olimpiki ya Paris, hakumaliza. Hayo ni maumbile ya michezo. Lakini kabla ya Olimpiki hiyo lilikuja jambo lisilo la michezo. Kelvin Kiptum, kijana aliyeivunja rekodi ya Kipchoge kwa saa 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, alifariki katika ajali ya gari tarehe 11 Februari, 2024, kwenye njia ya Eldoret na Kaptagat. Watu wakamzulia Kipchoge, bila ya haya wala ushahidi, kwamba ana mkono katika kifo kile. Yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba alitishiwa kuchomewa nyumba na kambi yake ya mazoezi, akahofia wanawe waendapo shuleni, na marafiki wengi akawapoteza. Mtu waliyemlilia kwa furaha mwaka 2019!

Nisije nikajifanya malaika. Tarehe 22 Mei, 2022, nilikaa kwangu kumtazama Ons Jabeur wa Tunisia, Mwislamu, Mwafrika, ambaye majuma mawili kabla alikuwa ametwaa kombe la Madrid juu ya udongo huo huo. Wenzake humwita Waziri wa Furaha. Raundi ya kwanza tu ya Roland Garros akafungwa na Magda Linette wa Poland: alishinda seti ya kwanza, akapoteza mbili. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilimtukana Linette mbele ya wanangu. Binti yangu akaniuliza, "Kwani baba amekukosea nini?" Sikuwa na jibu. Jabeur mwenyewe aliufuta mchanga miguuni, na mwezi wa Julai akacheza fainali ya Wimbledon. Mwenye kushindwa alikuwa amekwisha kusahau, mimi mshabiki ningali nimenuna.

Siku ile nilikumbuka kisa alichotusomea mwalimu wetu wa chuoni, Mungu amrehemu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ngamia jike jina lake Adhbaa, na hapakuwa na ngamia wa kumpita mbio. Akaja bedui mmoja juu ya ngamia mchanga, akampita. Masahaba likawauma sana jambo hili, hata maumivu yao yakaonekana nyusoni. Mtume hakumlaumu ngamia, wala hakumnunia bedui. Aliwaambia, kwa maana yake, kuwa ni haki kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu kinachopanda duniani ila hukishusha. Kisa kimo katika Sahihi ya Bukhari, kimepokewa kwa Anas bin Malik.

Tazama kisa kile kilivyotugusa sisi tunaotazama. Masahaba hawakukatazwa kuumwa. Kumpenda mshindi wako na kuumwa akishindwa ni ubinadamu. Walichofundishwa ni mahali pa kuweka uchungu wao: wasiuweke juu ya mnyama aliyechoka, wala juu ya mgeni aliyeshinda kwa haki. Anayejua kwamba kila apandaye atashuka, hatamcheka aliyeshuka, kwa kuwa zamu yake inakuja.

Na zamu ya Boisson haikuchelewa. Alhamisi, siku ya Arafa, nilikuwa nimefunga na mkahawani sikwenda. Mpwa wangu aliniletea habari jioni tulipokuwa tukifuturu: Coco Gauff wa Marekani amemfunga 6-1, 6-2. Jumatano kapandishwa, Alhamisi kashushwa. Nikamuuliza, na mkahawani walisemaje? Akasema yule kijana wa mkeka alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Sikushangaa. Kabla ya kuondoka pale Jumatano nalimsogelea kijana yule, nikampa pole, nikamuuliza kwa upole: yule Boisson, mwanangu, hushika raketi kwa mkono gani? Akanitazama muda mrefu. Seti mbili nzima alikaa mbele ya televisheni, na fedha yake imezama humo. Hakujua.