Makao ya Mwovu

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, wakamwonya mgeni asiusadiki uzuri wa nje kabla hajaingia ndani. Methali hiyo yafaa kwa nyumba mbaya pia. Mtu hujenga kama alivyo. Choyo cha tajiri huonekana katika makufuli ya ghala lake, na hofu ya jabari huonekana katika unene wa kuta zake. Kwa hiyo msimulizi hodari hana haja ya kutangaza kuwa fulani ni mwovu. Humshika msikilizaji mkono, akampitisha katika makao ya mtu huyo, na makao yakatoa ushahidi yenyewe. Sanaa hiyo ni ya kale katika ngano, nayo siku hizi imepata uwanja mpya katika michezo ya video. Huko mchezaji hasimuliwi habari za nyumba ya mwovu. Huiingia, hupotea njia ndani yake, hufungua milango yake, na aghalabu hufa humo mara nyingi kabla ya kumfikia mwenyewe.

Wako wasomi waonao kuwa jambo hili halistahili kalamu. Mchezo kwao ni mchezo, na mahali pa mchezo ni pambo tu, kama rangi ya pazia nyuma ya waigizaji. Rai hiyo ni dhaifu, tena ina madhara. Mahali alipowekwa mwovu ni shahidi juu ya tabia na matendo yake. Na kila penye shahidi, shahidi wa uongo naye yumkini. Asiyejua kusikiliza ushahidi wa mahali hawezi kujua anapodanganywa.

Mfano mwepesi na utangulie. Katika Super Mario Bros., mchezo uliotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1985, adui mkuu, Bowser, hukaa ngomeni juu ya ziwa la moto. Baadhi ya ngome zake zimepangwa hivi kwamba mtu akishika njia isiyo sahihi hurudishwa nyuma, akazunguka bila kikomo mpaka muda wake umwishie. Mwisho wa safari Bowser husimama juu ya daraja, na nyuma ya mgongo wake, kwenye ncha ya daraja hilo, pana shoka. Mchezaji akimpita na kuligusa shoka, daraja huanguka na mwenye ngome huangukia katika moto wake mwenyewe. Hakuna neno hata moja lililosemwa, na tabia imekwisha kuelezwa: huyu ni mtawala aliyezitegemea nguvu zake hata asilinde kitu kimoja kiwezacho kumwangusha. Vitisho alivyowawekea wengine ndivyo vilivyomwua.

Sanaa hii ilizidi kukomaa. Mwaka 2007 ilitoka michezo miwili iliyoifikisha mbali. Katika BioShock uko mji uitwao Rapture, uliojengwa chini ya bahari na tajiri Andrew Ryan ili watu wenye uwezo waishi bila kubanwa na serikali, dini wala wajibu kwa maskini. Mchezaji aingiapo hukuta kumbi za fahari zavuja maji, matangazo ya biashara yangali yaita wateja, na wenyeji wamekuwa wazimu. Kila tone lipitalo katika ufa ni hoja juu ya yule aliyedhani kuwa mji waweza kusimama kwa ubinafsi peke yake. Katika mji huo huo yumo msanii Sander Cohen, na ukumbi wake umejaa sanamu. Mchezaji akizitazama vizuri hutambua kuwa ni maiti za watu zilizopakwa plasta. Mchezo wa pili ni Portal. Humo mwovu ni mashine iitwayo GLaDOS, na makao yake ni vyumba vyeupe, safi, vilivyopangwa kwa hesabu. Usafi huo ndio unaotisha, maana ni usafi wa mtu asiyemwona mwenziwe ila kama kitu cha kujaribia. Lakini nyuma ya kuta, katika pembe zilizofichika, mchezaji hukuta maandishi na michoro ya mtu aliyetangulia kufungwa humo. Basi ukuta mmoja una kauli mbili: upande wa mbele husema mwovu, upande wa nyuma husema aliyeonewa.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuyaona haya mageni. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, aliiweka nchi yake angani, isiyokanyaga ardhi. Wajumbe sita walitumwa pande sita, yaani mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, na waliporudi na maarifa yenye manufaa walitiwa gerezani. Nchi isiyo na ardhi ni sura ya sheria isiyo na msingi, na njia sita zinazoishia gerezani ni ramani ya roho ya watawala wake. Muhammed Said Abdulla naye, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, aliiweka maiti ya mtu aliyeuawa mahali panapoogopwa na watu kwa sababu ya mizimu. Fundisho la riwaya hiyo ni kubwa kwa mjadala huu. Uovu haukuwa wa mahali. Mwuaji alikuwa binadamu mwenye haja zake, na hofu ya watu juu ya mzimu ilikuwa pazia zuri la kuficha kosa lake. Bwana Msa alilitatua fumbo kwa kukataa kulihukumu pango na kwa kumtafuta mtu.

Katika kipimo hicho, ambacho fasihi ya Kiswahili ilikuwa nacho zaidi ya miaka sitini iliyopita, wasanifu wengi wa michezo wameanguka. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5. Habari zake hutukia Kijuju, mahali pa kubuniwa panaposemwa kuwa katika Afrika Magharibi. Maadui wamjiao mchezaji kwa makundi huitwa Majini, na jina hilo ni la Kiswahili. Hata baadhi ya makelele yao ni ya Kiswahili, kana kwamba lugha ya upande mmoja wa bara yaweza kubandikwa upande wa pili bila mtu kujali. Picha za kwanza za mchezo huo zilipoonyeshwa mwaka 2007 zilizusha ubishi mkali juu ya ubaguzi wa rangi, kwa kuwa zilimwonyesha mzungu mwenye bunduki akiupiga risasi umati wa watu weusi.

Haki yataka yasemwe na ya upande wa pili. Mwovu mkuu wa mchezo huo, Albert Wesker, ni mzungu. Washirika wake wamo katika kampuni tajiri iitwayo Tricell. Na hao ndio walioleta vimelea vilivyowaharibu wenyeji. Shujaa ana mwenziwe, Sheva Alomar, ambaye ni Mwafrika. Kwa maneno, basi, hadithi yasema kuwa watu wa Kijuju wameonewa. Lakini mahali pasemaje? Mchezaji hupitishwa katika vichochoro vya nyumba za bati, sokoni, migodini, na katika vijiji vya kinamasi ambavyo watu wake wamevikwa nyasi na kushikishwa mikuki. Maabara ya mwovu na meli yake huja baadaye sana. Kwa saa nyingi jicho hufundishwa kuogopa umaskini, na kwa dakika chache sikio huambiwa kuwa tajiri ndiye mwenye kosa. Jicho na sikio wakipingana, jicho ndilo hushinda. Nyumba ya bati ya mtu maskini imeitwa mahakamani kutoa ushahidi juu ya uovu ambao hakuufanya, na mwenye uovu ameketi nyuma kabisa akingoja zamu yake.

Uzito wa kosa hilo huonekana vizuri zaidi mtu akisimama Kondoa. Kaskazini ya mji huo, katika vilima vya Kolo kandokando ya barabara iendayo Babati, iko miamba iliyoinama kama mapaa, na chini yake michoro ya kale ya twiga, pofu na watu warefu wembamba, mingi ikiwa ya rangi nyekundu. UNESCO iliitia miamba hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na idadi ya mahali penye michoro yapita 150. Baadhi ya mahali hapo, hasa Mongomi wa Kolo, wenyeji hawajapaacha: huenda kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Sasa na aitwe msanifu wa michezo asiyeijua nchi hiyo, aonyeshwe pango lenye giza, michoro ya viumbe wenye vichwa vya ajabu, na mabaki ya sadaka chini ya mwamba. Atamweka nani humo? Hapana shaka atamweka zimwi. Mahali ambapo mama wa Kirangi hutarajia mvua patakuwa tundu la kuulia majini, na mtoto wa mama huyo, akicheza katika kibanda cha michezo mjini, atalipwa alama kwa kupateketeza.

Kolo pana fundisho jingine juu ya jambo hili. Mary Leakey, aliyefanya kazi ya kuinakili michoro ya huko mwaka 1951 na kuitolea kitabu mwaka 1983, alikuta mchoro wa watu watano: wawili upande huu, wawili upande ule, na mmoja katikati aliyeshikwa. Aliuona kuwa tukio la kumteka mwanamke. Wataalamu wengine baadaye waliusoma kama ngoma ya uganga, ambamo mtu aliyezidiwa hushikwa na wenziwe asianguke. Kwa jicho la kwanza mna waovu, na kwa jicho la pili mna waganga. Kwa nini tofauti iwe kubwa hivi? Mchoraji hakuchora mahali. Hakuna nyumba, hakuna njia, hakuna mti wala uwanja. Mahali palipokosekana, kila msomaji alileta mahali pake kutoka kichwani mwake. Ndiyo kusema pambo lile linalodharauliwa ndilo litenganishalo mtekaji na mganga.

Yawezekana mtu akajibu kuwa hayo ni mambo ya picha tu, na kuwa hakuna aliyepata kudhurika kwa kuisoma sura ya mahali vibaya. Kondoa yenyewe itamkanusha. Vilima vya Irangi vilikuwa vimechimbwa na maji yakafanyika makorongo makubwa mekundu, na kila aliyeyaona alitaka kujua mkosaji ni nani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibika. Majani na miti ilirudi, na hilo halikanushwi. Lakini uchunguzi wa udongo uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa mmomonyoko ule ulikuwa na historia ndefu mno, ya karne nyingi, na haukuanza kwa ng'ombe wa mfugaji wa siku zile. Korongo lilikuwa shahidi wa kweli. Waliolihoji ndio waliofanya haraka. Hukumu juu ya mahali haikawii kuwa hukumu juu ya watu, na mwenye kulipa huwa ni yule anayeishi hapo.

Pingamizi la mwisho ni la wale wasemao kuwa hofu ina haki zake: mchezo wa kutisha hauna budi kutisha, na giza la pango humtisha kila mwanadamu. Ni kweli. Lakini vyumba vyeupe vya GLaDOS vyatisha bila giza, na Rapture yatisha kwa taa za rangi na muziki wa dansi. Hofu yenye thamani hutoka katika matendo ya mwenye nyumba. Hofu ya kuazimwa kutoka kwa umaskini wa watu, dini yao au sura ya nchi yao ni uvivu wa msanifu, naye hutafuta wa kumlipia deni.

Basi wanafunzi wa fasihi katika vyuo vya Tanzania, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa jirani kabisa na Kondoa, wana kazi mbele yao. Michezo hii na isomwe kama riwaya zisomwavyo, na kila makao ya mwovu yaulizwe maswali matatu. Nani aliyajenga? Kwa matendo gani yalifikia hali hiyo? Na kabla yake, nani aliishi humo? Ngome ya Bowser yaweza kujibu, na mji wa Ryan waweza kujibu. Kijuju hunyamaza katika swali la tatu, na kimya hicho chatosha kuihukumu.

Na ikitokea siku moja kijana wa Kondoa kuunda mchezo wake, akataka kuiweka humo miamba ya Kolo, hana lazima ya kuiogopa wala kuisifu mno. Na amweke mwovu wake mahali alipopaharibu mwenyewe, penye alama za mikono yake. Kivuli cha mwamba akiache kiwe kama kilivyo, pahali pa mtu kukaa jua likiwa kali, akingoja mvua.