Tulipe Jicho la Fundi Kabla ya Kulipa Spana Yake

Kuna kauli moja ya kujiliwaza ambayo wenye magari makuukuu hupenda kuitoa wanapoonyeshwa doa jeusi chini ya injini. Wenye Land Rover za kale ndio mabingwa wake, kwani hudai kwamba Land Rover isiyodondosha oili haina oili. Watu hucheka, mazungumzo hugeukia mambo mengine, na tone huendelea kudondoka. Mimi pia ninayo Land Rover ya aina ya Series III, ambayo uundaji wake ulianza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985, na kichekesho hicho nimekisikia mara nyingi. Hata hivyo, nashikilia kwamba gari halina budi kuzeeka, lakini si lazima livuje. Aghalabu linalolifanya livuje miaka nenda miaka rudi si uzee peke yake, bali ni desturi yetu ya kukimbilia kufungua mtambo kabla ya kuuchunguza.

Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo dogo. Injini inayopungukiwa na oili hupoteza shinikizo lake, beringi za kranki husagika, na hatimaye mtambo wote huharibika safarini. Oili ikidondokea bomba la ekzosi lililopata moto yaweza kuwaka. Ikipenya hadi kwenye sahani ya klachi, klachi huteleza. Ikitapakaa barabarani, manyunyu ya kwanza ya mvua huigeuza lami kuwa utelezi, na atakayeanguka si mwenye gari bali ni mwendesha bodaboda ajaye nyuma yake. Ikizama ardhini, huchafua udongo na maji tunayoyategemea sote. Gharama ya tone hilo, basi, hailipwi na mwenye gari pekee.

Hebu tuitazame tabia ya oili yenyewe. Oili hufuata mteremko, na gari linapokwenda, upepo wa feni pamoja na ule wa barabarani huisukuma kuelekea nyuma. Kwa sababu hiyo mahali inapodondokea mara nyingi sipo inapotokea. Tone linaloonekana chini ya nyumba ya klachi laweza kuwa lilianza safari yake juu kabisa ya injini. Anayejilaza chini ya gari, akaona unyevu, akatoa hukumu papo hapo, hana tofauti na hakimu anayemfunga mtu kwa kuwa tu alikutwa karibu na mahali pa tukio.

Nitoe mfano ninaoujua vyema. Gari langu liliwahi kudondosha oili kwenye tundu lililo chini ya nyumba ya flaiwili. Waundaji waliliweka tundu hilo makusudi, ili oili ikipenya humo itoke nje badala ya kurundikana kwenye klachi. Huzibwa tu gari linapotaka kuvuka maji mengi. Fundi wa gereji moja mjini Nakuru alilitupia jicho mara moja, akanena kwamba sili ya nyuma ya kranki imekufa. Jambo hilo liliwezekana, lakini kuibadilisha sili hiyo katika gari la aina hii si mchezo. Viti na kasha lake hutolewa, sakafu hung'olewa, giaboksi hupitishwa ndani ya gari, kisha klachi na flaiwili zikafuata. Nilimwomba jambo moja kabla hajashika spana: tuioshe injini kwanza, nami nitamlipa ujira wa muda huo.

Injini ikiwa baridi, tuliifunika distribyuta na kabureta kwa karatasi za plastiki, tukaisugua kwa brashi na mafuta taa, tukaisuuza, kisha tukaiacha ikauke kabisa, maana mafuta taa yaliyosalia huweza kushika moto. Halafu tulinyunyiza poda ya watoto kwenye maungio yote. Gari likaendeshwa safari fupi, nasi tukaitazama injini kwa tochi kutoka juu kwenda chini. Poda ilikuwa kavu kila mahali isipokuwa nyuma ya kile kifuniko cha valvu ambacho mafundi wetu hukiita tapeti kava. Hapo palikuwa na mfereji mwembamba ulioteremka nyuma ya injini, ukapita nje ya nyumba ya flaiwili, ukaishia kwenye tundu lile lile lililotupotosha.

Gasketi ya kifuniko ilikuwa imekauka na kusinyaa, lakini ilikuwa na mshirika. Kipumuo, yaani tundu ambalo injini hutolea pumzi, kilikuwa kimezibwa na uchafu. Katika kila injini gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka kwenye sampu. Gesi hiyo isipopata njia, hujazana na kuisukuma oili ipenye popote palipo dhaifu. Ndiyo maana mtu huweza kununua sili mpya leo, nayo ikavuja mwezi ujao, akamlaani muuza spea bure. Sisi tulikiosha kipumuo, tukabadilisha gasketi, na ile sili iliyokuwa imekwisha kuhukumiwa kifo ingali mahali pake hadi leo.

Utaratibu huu haudai elimu ya chuo kikuu. Mwenye gari aweza kutandaza kadibodi chini ya injini usiku kucha, na asubuhi akajua ni upande gani unaodondosha. Akiligusa na kulinusa tone hilo, atatambua mengi: oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi, ilhali ile ya giaboksi mara nyingi huwa nzito na yenye harufu kali mithili ya kiberiti. Apime oili kwa kijiti chake gari likiwa mahali tambarare, ajue inapungua kwa kasi gani. Kisha aanze na yaliyo rahisi: boliti zilizolegea, plagi ya sampu, swichi ya shinikizo la oili, na chujio, ambalo huvuja vibaya iwapo mpira wa lile kuukuu umebaki umegandamana na injini. Sili za kranki na zingojee zamu yao mwishoni.

Yako pia matibabu ya uongo. Wapo wanaokaza boliti za kifuniko kwa nguvu zote, na bati likapinda na kuvuja zaidi. Wapo wanaopaka silikoni kama wapakao siagi mkateni. Vipande vyake hukatika, vikaingia ndani na kuziba chujio la pampu ya oili. Wengine humimina dawa za chupa zinazoahidi kuziba kila kitu. Dawa hizo huweza kuilainisha sili iliyokauka, lakini haziwezi kuunganisha gasketi iliyopasuka wala kuzibua kipumuo.

Je, lawama zote ni za fundi? La hasha! Tuwe waadilifu. Tukienda kwa daktari, twalipa ada ya kumwona hata kabla hajaandika dawa. Tukifika gerejini, twamwambia fundi, "Hebu angalia tu," kana kwamba macho yake na miaka yake ya kazi havina thamani. Twamlipa kwa kufungua, kwa kufunga na kwa kutia kipuri kipya. Basi tustaajabu kwa nini anapoona unyevu yeye huona kipuri? Mtu ambaye chakula chake kimo katika kung'oa giaboksi hawezi kulaumiwa sana akiona kila ugonjwa umo giaboksini. Na yule kijana wa jua kali anayejifunza kando yake hurithi mkono mwepesi wa kufungua na jicho lisilozoea kutafuta.

Rai yangu kwa wenye magari ni kwamba tukubali kulipia uchunguzi kama kazi kamili, hata pale unapogundua kasoro ya kipuri cha bei ndogo. Ujira wa saa mbili za kuosha na kutazama ni mdogo mno ukilinganishwa na giaboksi iliyoteremshwa bila sababu. Nao mafundi nawasihi wasitaje jina la ugonjwa kabla ya kuifuata oili hadi chemchemi yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hata wao walimtarajia mzibaji aujue kwanza ufa ulipo.