Saa za Dada wa Kazi

Saa kumi na moja alfajiri uji uko jikoni. Mtoto wa mwaka mmoja amefungwa mgongoni kwa kanga, mkubwa wake anavishwa soksi huku basi la shule likipiga honi getini. Saa mbili usiku dada bado anaosha vyombo, na mtoto akilia usiku wa manane, anayeamka ni yeye. Nilimuuliza mmoja wa mtaani kwetu siku yake ya mapumziko ni ipi. Akacheka: "Mama akienda likizo."

Mjadala wa malipo ya walezi hawa Tanzania huanzia kwenye shilingi. Mimi ningeanzia kwenye saa. Amri ya kima cha chini ya 2013 ilimpangia dada anayelala kwa mwajiri 40,000 kwa mwezi. Ya 2022 ikamfikisha 60,000. Anayerudi kulala kwake akapangiwa 120,000, kwa kuwa mwenzake anakula na kulala bure. Sawa, ugali una bei. Lakini anayelala ndani ndiye asiye na saa ya kutoka kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Kwa hesabu hiyo, zile 60,000 za 2022 zilikuwa kama shilingi 308 kwa saa. Ukihesabu saa 15 kwa siku, siku 26 za mwezi, inabaki 154. Kile kitanda cha bure, ambacho mara nyingi ni godoro chumbani kwa watoto, amekilipia mara mbili.

Na hilo jina "dada" lina kazi yake. Akidai nyongeza anaambiwa, si tunaishi kama ndugu? Ndugu gani huyo anayesubiri wengine wale kwanza?

Ila tusimsingizie mwajiri ubaya wote. Mara nyingi ni karani au muuguzi ambaye likizo yake ya uzazi ya siku 84 imekwisha. Sheria inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini kwa anayetoka Posta kwenda Mbagala, Dar es Salaam, hizo zinaishia kwenye foleni. Mwambie alipe mara mbili kesho, naye atamrudisha dada kijijini na kuagiza binti mdogo zaidi asiyejua kudai. Hatari hiyo wapigania mshahara huitaja kwa nadra.

Ndiyo maana nasema saa kwanza: siku ya mapumziko yenye jina, saa ya kumaliza kazi, na karatasi iliyoandikwa, ambayo sheria inaitaka tangu zamani. Haya hayahitaji bajeti, yanahitaji baba aamke. Fedha zitafuata mzigo ukigawanywa: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya kina mama vinaweza kuikopa kufungua vituo vya kulelea watoto karibu na masoko na ofisi, ambako familia kadhaa zinachangia mshahara wa mlezi mmoja, naye jioni anakwenda kwake.

Kwetu tulianza na Jumapili. Ya kwanza nilipika uji mwenyewe, ukashika chini, na mtoto akaukataa.