Tende ya saa nne usiku

Brussels, Julai 2025

Dada yangu mpenzi, na wazazi wote wa Buyenzi na Bwiza, Bujumbura, mnaojiandaa kumsafirisha mtoto Septemba hii,



Habari ya viza ilinikuta kwenye tramu. Furaha ilinizidi nikashuka vituo viwili kabla ya changu ili nitembee. Binti yako, niliyemwacha na miaka saba, anakuja kusoma Ubelgiji! Alhamdulillahi. Jioni ukafuata ujumbe wako wa sauti, dakika saba nzima, na nyuma ya sauti yako nikasikia adhana ya magharibi ya mtaani kwetu. "Uwe macho yetu huko," umeniambia. Niwe nampitia bila taarifa. Nione kama anaswali, anatembea na nani, ushungi bado uko kichwani au umeshahamia begini. Halafu kila Ijumaa nikupigie simu nikueleze.

Hukuwa wa kwanza. Kila Septemba ikikaribia simu yangu haipoi. Mama mmoja wa avenyu ya 14 aliwahi kunitaka niende mpaka Liège nikachungulie friji ya mwanawe. Baba mmoja wa Bwiza alitaka nimpigie picha kijana wake bila yeye kujua. Hofu hiyo naijua inakotoka, na siidharau hata kidogo. Lakini jibu langu kwako na kwenu nyote ni hapana. Na kwa kuwa mnaouliza ni wengi, nimeona heri niandike barua moja isomwe barazani kuliko kumjibu kila mtu pembeni.

Dada, mengine humu unayajua. Vumilia, wapo wasioyajua.

Babu yetu hakumpeleka Mama shule. Enzi hizo za Wabelgiji, walioipima Buyenzi kwa kamba, avenyu baada ya avenyu, wakawakalisha Waswahili humo, kazi ya kusomesha ilikuwa mikononi mwa misheni. Mtoto aliyekwenda kwa mapadri aliweza kurudi nyumbani na jina la ubatizo. Wazee wetu wengi wakaona bora mtoto akose shule kuliko akose dini. Siwalaumu. Walikuwa wachache, na walilinda kitu walichokiona cha thamani kuliko kalamu. Lakini tulilipa gharama yake: uhuru ulipokuja Julai 1, 1962, ofisi zilipohitaji watu wenye vyeti, Buyenzi ilikuwa na mafundi, madereva na wachuuzi.

Mama akabaki na madrasa yake. Mnamjua: hajui Kifaransa, na karatasi za serikali mpaka leo anazitia dole gumba. Lakini daftari lake la biashara aliliandika mwenyewe, maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nani amechukua vitenge vingapi na amebakiza faranga ngapi. Kwenye meza yake pale soko kuu daftari hilo alilifunika kwa kanga kama anavyofunika msahafu.

Jumapili ile ya Januari 27, 2013, soko kuu liliungua. Kila mtu Bujumbura anakumbuka alikuwa wapi. Moshi ulionekana mji mzima, helikopta zikaja kutoka Rwanda kusaidia kumwaga maji, na wenye meza wakasimama barabarani wakitazama. Vitenge vya Mama viliteketea vyote, na daftari pia. Ninachokikumbuka zaidi ni wiki zilizofuata, watu walipoanza kuja nyumbani mmoja mmoja. "Mama, mimi nilikuwa na deni lako, elfu kumi na tano." Yeye akijibu, "Haya, mwanangu, asante." Anapokea, anaombea. Hakumwuliza hata mmoja kama ana hakika si elfu ishirini. Wapo ambao hawakuja kabisa, na majina yao hakuyataja. Nilikuwa na miaka 16 na jambo lile liliniudhi. Nilimwona mjinga, Mungu anisamehe.

Miezi ishirini baadaye mwanamke huyo, ambaye baba yake alimnyima shule kwa kuwaogopa Wabelgiji, aliuza bangili zake mbili, akachukua zamu yake ya upatu, akapokea mchango wa majirani, akanipeleka Ubelgiji. Mimi, kitinda mimba wake. Kwa mapadri wenyewe, kama alivyosema shangazi, ambaye mwezi mzima hakukanyaga kwetu kwa hasira.

Siku ya safari nilivaa koti la mitumba kutoka soko la Ruvumera. Jua la Bujumbura unalijua, na mimi nimevaa koti la baridi kwa sababu begi lilikuwa limejaa. Pale uwanja wa ndege, chini ya zile paa za mviringo kama mayai, zipu ikakwama. Mama akapiga magoti. Akatoa kipande cha sabuni mkobani, sijui alikuwa nacho kwa ajili gani, akaanza kuyasugua meno ya zipu, upande huu, kisha upande ule, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Watu wanapita na mabegi yao. Akaivuta juu, ikapanda. Akaishusha, ikashuka. Ndipo akasimama, akaniwekea mkono kichwani, akanisomea dua anayosomewa msafiri.

Dua hiyo mnaijua wote, na leo naomba muitazame upya. Kitu cha kwanza anachokabidhiwa Mwenyezi Mungu ndani yake ni dini ya yule anayeondoka. Haianzi na afya wala mzigo, na masomo hayamo. Dini yake, ile ile mnayotaka mimi niilinde kwa kuchungulia friji.

Uwanja ule tangu 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, na kila nikiliona jina hilo kwenye tiketi namfikiria akiwa kijana. Mwaka 1972 alikuwa mwanafunzi wa miaka 19, na wasomi na wanafunzi wa Kihutu walikuwa wakisakwa na kuuawa. Akakimbilia Rwanda, akasomea Butare, akarudi nyumbani 1983, akachaguliwa kuwa rais 1993, na mwaka huo huo, Oktoba 21, akauawa. Wazazi wengi wa 1972 hawakupata hata nafasi ya kufunga begi. Mtoto alitoka na nguo za shule, akavuka mpaka, na kwa wengine ndiyo ikawa kimya cha miaka. Hawakuwa na simu ya video ya kuuliza swali lolote. Nawataja kwa sababu wakati mwingine tunazungumza kana kwamba mzazi wa leo, anayemwona mtoto wake usoni kila usiku, ndiye wa kwanza kuachiwa mikono mitupu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema mbele za watu.

Ramadhani ya kwanza niliyofunga hapa ilianza Juni 18, 2015, katikati ya mitihani. Juni Brussels jua linazama saa nne usiku, na daku inabidi uwe umemaliza karibu saa tisa. Karibu saa 19 bila maji. Ajabu yake ni kwamba majira ya joto saa ya Brussels na ya Bujumbura ni moja. Saa kumi na mbili jioni ikigonga kwenu imegonga na kwangu. Kwenu watu wanakunywa uji, kwangu jua liko juu kama adhuhuri.

Mama alipolijua hilo aliudhika na ramani nzima ya dunia. Akaamua lake. Adhana ikilia anafungua kwa maji na tende kama inavyotakiwa, anaswali, anakula na watu wake. Lakini tende moja anaiacha kwenye kisahani. Saa nne usiku ananipigia. "Limezama?" Limezama, Mama. "Bismillahi." Anakula tende yake, nami nakunywa maji yangu. Umeme kwenu mara nyingi ulikuwa umekatika, namwona kwa mwanga wa tochi, nusu ya uso na kokwa mkononi.

Siku ya mtihani wa tatu nilishindwa. Saa kumi alasiri, kichwa kinazunguka, nilisimama kwenye bomba la chooni nikanywa maji mpaka nikapumua. Usiku akapiga. "Limezama?" Limezama. "Bismillahi." Nikainua glasi yangu kama mfungaji. Kesho yake vivyo hivyo, na mara ya tatu tena. Uongo wa kwanza ulinichoma, wa pili ulikaa wenyewe. Wa tatu ulinifanya nianze kuichukia simu yake. Nikawa nampokea nikiwa tayari nimetafuta sababu ya kukata. Hapo, Dada, ndipo nilipokaribia kupotea, na hakuna jasusi ambaye angeliona hilo. Mtu angenipitia chumbani angekuta msala umetandikwa.

Na yeye alikuwa akinidanganya. Mji ulikuwa unawaka tangu Aprili, mnajua wenyewe, maandamano, jaribio la mapinduzi la Mei 13, redio zimechomwa. Nikimwuliza ananiambia kwetu shwari, soma. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa wabunge wa Juni 29 alikuwa anasema "Bismillahi" nikasikia mlio nyuma yake, mzito, kisha mingine midogo mfululizo. Nikamwuliza ni nini. Akasema fataki, kuna harusi.

Harusi gani Buyenzi ndani ya Ramadhani?

Tulinyamaza wote wawili. Kisha nikamwambia: Mama, na mimi siku tatu hizi sikufunga. Nilikunywa maji.

Nilitegemea kilio. Aliniuliza kama nilianguka. Nikasema hapana, kizunguzungu tu. Akasema, "Siku tatu utalipa, zinalipwa." Kisha akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo miaka kumi: "Pale uwanjani nilikukabidhi kwa Mungu. Ukishakabidhi amana, huendi kukaa mlangoni kwa uliyempa unauliza kila saa kama bado ipo. Mimi nikipiga napiga kwa sababu nataka kukusikia. Usinidanganye tena, na mimi nitakwambia risasi zikilia."

Zilipolia tena aliniambia. Siku tatu zile nilizilipa Desemba, jua likizama kabla ya saa kumi na moja jioni, na alicheka sana nilipompigia kumwambia "limezama" yeye hata hajaanza kupika. Hajawahi kuniuliza kama nimeswali. Huniuliza nimekula nini. Miaka ya mwanzo nilidhani amekata tamaa nami. Ilinichukua muda kumkumbuka na wadeni wake wa soko kuu, anavyopokea kiasi alichotajiwa na mwenye deni, na kuelewa kwamba anafanya vile vile.

Dada, sikusemi vibaya. Binti ni mmoja, mwenyewe umemlea tangu baba yake afariki, na maneno ya mtaa juu ya msichana anayesafiri peke yake nayajua makali yake. Wala sikuahidi kwamba hatabadilika. Atabadilika. Pengine kuna siku ushungi utavuliwa, pengine kuna siku atauvaa vizuri kuliko alivyouvaa kwenu. Nimeona yote mawili, na nimeona wote wawili wakilia usiku kwa kukumbuka nyumbani. Ninachokiogopa ni ile siku atakapojifunza kukujibu. Mtoto akiulizwa kila jioni "umeswali?" anajifunza jibu mapema sana, "ndiyo, Mama", na baada ya hapo hakuna mwingine duniani wa kumwambia ukweli. Nimekaa na watoto wa kwetu hapa waliofeli mwaka, waliokuwa wagonjwa, mmoja aliyekosa pa kulala kwa wiki mbili, na nyumbani wote walikuwa wanasema "ndiyo, Mama".

Kwa hiyo haya ndiyo nitakayoyafanya. Nitampokea uwanja wa Zaventem. Nitamwonyesha msikiti na maktaba, na duka la Matonge pale Ixelles panapopatikana unga na mafuta ya mawese. Nitakwenda naye kulipa ada, ambayo atashangaa kukuta na huku inaitwa minervali. Kila Jumapili atakuja kula kwangu akitaka, na asipokuja nitampigia kumwuliza amekula nini. Akiugua utajua siku hiyo hiyo. Akitaka kukuambia jambo na anaogopa, nitakaa pembeni yake akikuambia. Ijumaa sitapiga ripoti.

Wewe huko nyuma mfungie ndagala vizuri, karatasi tatu na mfuko juu, chumba changu cha kwanza kilinuka muhula mzima. Mnunulie koti Ruvumera, usisubiri la huku, bei yake utalia. Ijaribu zipu kabla hujalipa.

Na Mama mwambie jua hapa leo limezama saa nne kasoro robo.

Mdogo wako.